Mdomo wa Celica

Kaka yangu mkubwa alikwenda Kampala, akaniachia Celica yake na onyo: isitoke lupangoni. Niliitoa. Jiwe moja tu la barabara zetu za Bunia, na ule mdomo wa plastiki chini ya bampa ukapasuka.

Nilinunua mwingine kwa akiba ya ada ya masomo. Nikafungua skrubu, nikafuta gundi ya zamani kwa spiriti. Mdomo hubandikwa kuanzia katikati. Ukianzia pembeni, unapinda. Mimi nilianzia pembeni. Nikaubandua, nikarudia hadi magharibi.

Kaka alirudi Jumapili. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ungio.

“Mdogo wangu,” akasema, “hizi skrubu mpya zimetoka wapi?”

Nikaingia ndani kumletea maji.