Mzee Wako Ana Akili Zake

Ndugu yangu msomaji, nakuomba unisikilize kwa moyo mkunjufu, kwani nitakalolisema leo linaingia mpaka vyumbani mwetu. Sisi watu wa pwani tunajisifu kwamba hatuwatupi wazee wetu. Ni kweli, Alhamdulillahi. Mzee kwetu halali njaa maadamu sufuria iko jikoni. Lakini hebu jiulize: huyo mzazi aliyelala chumba cha nyuma, unayempa uji, ukamwosha na kumvalisha, mara ya mwisho kumuuliza anataka nini ilikuwa lini? Sisemi kumwarifu. Nasema kumuuliza, kisha ukalifuata jawabu lake.

Shangazi yangu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipooza miguu akiwa na miaka sabini na ushei. Akili yake haikupungua hata chembe. Hesabu za kodi ya nyumba alizifanya kichwani akawatangulia wajukuu wenye kalamu na karatasi. Wanawe walikutana barazani, wanaume watupu, wakakata shauri kwamba mama atakaa mwezi kwa huyu na mwezi kwa yule. Yeye yuko nyuma ya pazia, anasikia kila neno. Walipoingia kumpa habari aliwaambia, "Mnanigawa kama urithi, nami ningali hai?"

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka abaki nyumbani kwake, kodi ya vyumba viwili vya uani imlipe mwanamke wa kumsaidia, na mwanamke huyo amchague yeye mwenyewe. Hakutaka kuogeshwa na wake za wanawe. Hili, msomaji, wanaume wengi huliona dogo. Mtu mzima kuvuliwa nguo mbele ya mtu asiyemridhia ni adha kubwa, hata kama mikono inayomwosha ni ya upole. Wanawe wakakataa, na sababu yao haikuwa gharama wala usalama. "Watu watasemaje, mama yetu kutunzwa na mtu wa mshahara?" Basi aibu yao ikawa nzito kuliko haya yake.

Mabishano yalipozidi walimwendea shehe mmoja wa mtaani. Akawasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mama yenu ana akili zake?" Wakasema anazo, tena nyingi. Akawaambia, "Sasa mbona mmekuja kuniuliza mimi?"

Shehe yule hakuwa anafanya mzaha. Katika fiqhi yetu uko mlango uitwao hajri, yaani kumzuia mtu asiendeshe mali yake mwenyewe. Miongoni mwa wanaozuiliwa ni mtoto mdogo, mwendawazimu, safihi anayefuja mali, na mufilisi kwa ajili ya wadai wake. Mtafute humo kiwete, au kipofu, au mkongwe: hutamkuta kwa sababu ya miguu yake, wala macho yake, wala mvi zake. Imamu Abu Hanifa hata huyo safihi, akiwa ni mtu mzima mwenye akili, hakuona kwamba awekewe hajri. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakakhitalifiana naye. Na aya ya 6 ya Sura An-Nisaa, inayohusu mayatima, imeweka kipimo cha kumkabidhi yatima mali yake, nacho ni rushdi, yaani busara ya kuendesha mambo. Ikiwa kijana wa juzi hukabidhiwa mali yake kwa rushdi, bi mzee aliyeendesha nyumba miaka hamsini ananyang'anywa yake kwa hoja gani? Mkumbuke pia Ibn Umm Maktum, sahaba kipofu. Alikuwa mwadhini, na Mtume (S.A.W.) alipotoka Madina alimwacha awe naibu wake mjini, tena si mara moja.

Wala usidhani kwamba shida hii ni ya pwani peke yake. Uingereza, ambako jamaa zetu wengi wanaishi na baadhi yao wanafanya kazi hiyo hiyo ya kutunza wazee, walikuwa na sheria ya mwaka 1948 iliyozuia halmashauri kumpa mtu fedha mkononi kwa ajili ya utunzaji wake. Alipewa msaidizi au kitanda katika nyumba ya wasiojiweza, basi. Walemavu wachache waliokuwa wakiishi katika nyumba moja iitwayo Le Court, jimbo la Hampshire, wakasema: fedha mnazoilipa nyumba hii kwa ajili yetu, tupeni sisi, tuishi makwetu na wasaidizi tutakaowaajiri wenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1980 wakaanza kutoka. Sheria ya nchi iliwafuata mwaka 1996, ikaanza kazi 1997, na hata hapo wazee wa zaidi ya miaka 65 waliachwa nje hadi mwaka 2000. Ati mlemavu kijana anajua atakalo, mzee hajui! Taabu nazo zipo, kwani mwenye kupokea fedha huwa tajiri wa kuajiri, na msaidizi akiugua usiku ni juu yake kutafuta mwingine. Ndiyo maana halazimishwi mtu. Anayependa halmashauri impangie, hupangiwa.

Kwetu fedha ni chache. Zanzibar ilianza pencheni jamii Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 zikafanywa 50,000. Kenya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa umri huo. Haziajiri mtu. Lakini ni zake, na nimemwona kijana akirudi na fedha za bibi yake ameshakata za vocha ya simu, akisema, "Bibi atazifanyia nini?" Atatoa sadaka. Atanunua ubani na tambuu. Atamtunza mjukuu anayemsomea Yasini. Hata akizifunga kwenye pembe ya kanga asizitumie, si shauri lako.

Shangazi alibaki kwake. Alimchagua jirani yake mjane, wakagombana, akamfukuza, wiki ya pili akamwita arudi. Alikuwa na kisukari, na kila Ijumaa alikula kipande kimoja cha halua. Wanawe walilalamika, yeye alikuwa amemsikiliza daktari, amefahamu, na ameamua. Sisemi kila mzee aachiwe sumu. Nasema aliyeelezwa akaelewa, neno la mwisho ni lake.

Limebaki la akili kupotea, maana hilo nalo huja. Wosia hauanzi kazi mpaka mtu afe, na wakala huvunjika akili ikimtoka aliyemweka wakili. Katikati hapo mzee hana ulimi ila yale aliyoyasema zamani mbele ya watu. Basi muulize sasa, watoto wote wakiwapo, wa kike na wa kiume: nani amwoshe, alale nyumba gani, ufunguo wa kasha akae nao nani, nani asiingie chumbani kwake. Shangazi yangu alipoulizwa hayo, jawabu lake lilichukua tangu adhuhuri hadi alasiri.