Mgeni Mpe Jembe

Zamani mtu akihama nchi tulijua sababu yake bila kumwuliza: njaa, vita, ndoa, masomo au kazi. Siku hizi imeongezeka sababu nyingine, ambayo wazee wenzangu huipokea kwa kicheko. Mtu ana kazi, anakula, wala hafukuzwi na yeyote, lakini anahama ili apate maisha mepesi. Mara nyingi mtu huyo hana mwajiri. Kazi yake anaibeba popote aendapo, kama fundi saa abebavyo kisanduku chake. Binti yangu wa tatu ni mmoja wao, na kwa ajili yake nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Sisi tuliosomea ualimu baada ya mwaka 1967 tulilelewa na neno kujitegemea. Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka ule, nasi chuoni tulilima, tulifuga kuku na kufyatua matofali kwa jina lake. Neno kujiajiri lilishika kasi baadaye, kazi za serikali zilipoanza kuwa haba. Maneno hayo ni ndugu, lakini si pacha. Aliyejitegemea alifikiriwa pamoja na wenzake: shule ilijitegemea, kijiji kilijitegemea. Anayejiajiri yu peke yake. Yeye ndiye mkurugenzi, karani, mhasibu na mlinzi wa usiku.

Binti yangu ni mfasiri. Aliishi London miaka kumi na mmoja, kwanza katika ofisi ya watu, kisha kwa kazi zake mwenyewe. Aliniambia kwa simu, "Baba, huku nafanya kazi ili nilipe kodi ya nyumba, na nyumba yenyewe naiona usiku tu." Mwaka 2018 akaomba viza ya watu wanaojiajiri, akahamia Ureno, katika mji mdogo uitwao Mértola, kusini mwa nchi, karibu na mpaka wa Hispania.

Mwaka 2023 nilikaa kwake wiki tano. Mji umejengwa juu ya kilima kinachotazama mto Guadiana, una ngome ya kale, na kanisa lake kuu lilikuwa msikiti enzi za utawala wa Waislamu. Mihirabu ingalipo nyuma ya altare. Nilifurahi kusikia jamaa za maneno yetu vinywani mwa watu: meza kwao ni mesa, leso ni lenço, mvinyo ni vinho. Wareno walitawala Mombasa na kujenga Ngome ya Yesu tangu 1593, wakaondoka, maneno yao yakabaki yakitutumikia.

Lakini kilichonigusa zaidi ni milango iliyofungwa. Katika wilaya ile kulikuwa na mgodi mkubwa wa shaba, São Domingos, uliofungwa mwaka 1966. Watu wakatawanyika, wengine Lisbon, wengine Ufaransa. Wazee walibaki. Mwezi Agosti wana na wajukuu hurudi likizo, madirisha yakafunguliwa, nyama ikachomwa, kisha Septemba kimya kinarudi. Mimi natoka Kilimanjaro. Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu mwezi huo huitwa Desemba.

Basi binti yangu alikwenda kutafuta wepesi mahali ambapo wenyeji walikwisha kuukimbia uzito. Je, aliupata? Nitasema nilichokiona.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali ya Ureno inaifuata methali hii ingawa haijapata kuisikia. Anayeanza kujiajiri kule husamehewa mchango wa hifadhi ya jamii kwa miezi 12 ya kwanza. Mwaka huo mgeni huona kila kitu ni rahisi, akawaandikia rafiki zake waje. Mwaka wa pili jembe linaletwa. Mtoa huduma hukatwa asilimia 21.4 ya sehemu ya pato lake, na sehemu hiyo ni asilimia 70 ya alichopata. Yaani karibu shilingi 15 katika kila 100, kabla kodi ya mapato haijaguswa. Kila miezi mitatu hutangaza mapato yake, na kila malipo yana stakabadhi ya kuandikwa kwa Kireno. Nilimkuta binti yangu usiku mmoja amezungukwa na hesabu, nikakumbuka nilivyofunga vitabu vya karo mwisho wa muhula. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na mhasibu wa kumlaumu.

Tena nyumba ile ya mawe, aliyoisifu kwa unafuu wa kodi, haina kipasha joto. Wakati wa baridi, alisema, hutoka nje kuota jua kwa sababu ndani kuna baridi zaidi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40.

Jirani yake alikuwa bibi mjane, mwanawe yuko Ufaransa. Kila alipohitajika kliniki, binti yangu ndiye aliyempeleka, akamsubiri, akamsomea karatasi za dawa. Bibi naye alileta mayai, mkate na zeituni, na ndiye aliyemfundisha Kireno cha jikoni, ambacho ndicho Kireno chenyewe. Niliwatazama wakishuka kilima taratibu, wameshikana mikono, na nitasema ukweli wangu: iliniuma. Mama yake alipougua, mwaka 2020, na safari zimefungwa kwa ajili ya Korona, aliyempeleka hospitali alikuwa kitinda mimba wetu. Binti yangu alituma fedha bila kukosa, na alipiga simu kila jioni mpaka jioni ya mwisho. Yule bibi alikuwa na binti yangu. Mke wangu alikuwa na simu yake.

Nadhani naye alikuwa akiuona uchungu huo, maana usiku mmoja kabla sijaondoka alisema, "Baba, kile kiwanja mpe mdogo wangu."

Kiwanja hicho ni robo eka ya kihamba chetu. Nilimpa mwaka 2009, na wanaukoo walinung'unika kwamba ardhi ya ukoo haipewi mwanamke. Nilisimama nikawajibu mbele ya wote. Na sasa aliyepiganiwa anarudisha. Nilimwuliza kama amekosana na nyumbani. Akasema, "Hapana, Baba. Ila sitajenga. Kila mwaka nasema nitajenga, na mdogo wangu kila mwaka anakwangua magugu yangu."

Sikulala upesi usiku ule. Nilizihesabu nyumba za kijijini kwetu zenye bati la rangi na mageti ya chuma, zinazofunguliwa wiki mbili kwa mwaka, na vijana wanaolipwa kidogo kuzilinda. Niliihesabu mifongo yetu, mifereji ya maji ya babu zetu, inayodai kila kaya itoe mtu siku ya kuzibua, na jinsi siku hizo wanavyojitokeza wazee tupu. Neno "nitarudi" limebebwa na watu wengi wasiolisema.

Hapo ndipo nilipoelewa wepesi ni nini. Mtu hapati maisha mepesi kwa kukosa mizigo. Asiye na mzigo wowote ni wa kuhurumiwa. Anayapata anapojua mizigo yake ni ipi, akaibeba kwa mikono yake, na ile asiyoweza akaikabidhi kwa jina, mbele ya watu. London binti yangu alibeba kodi ya nyumba asiyoiona. Ureno anabeba mchango wake, lugha yao na mkono wa bibi wa watu. Cha kwetu alikuwa bado amekining'iniza mabegani mwa mdogo wake.

Kwa hiyo kijana akinijia leo akisema anataka kwenda ugenini kujiajiri na kuishi kwa utulivu, simcheki. Namwuliza maswali matatu. Umepiga hesabu ya mwaka wa pili, au wa kwanza tu? Utajifunza lugha ya jirani yako, au ya mteja wako tu? Na unachokiacha, nani atakibeba, na umemwambia?

Mwaka 2024 niliwaita wazee wa ukoo, tukapanda masale mapya mpakani, kiwanja kikawa cha kitinda mimba. Safari hii hakuna aliyenung'unika, jambo ambalo pia lilinisikitisha kidogo. Desemba yake binti yangu alikuja, akalala kwa mdogo wake, katika chumba cha wageni. Siku ya tatu watu walikwenda kuzibua mfongo. Alichukua jembe mlangoni bila kuambiwa, akawafuata.