Chini ya Sakafu

Nyumba yetu iko Keshero, upande wa magharibi wa mji wa Goma, juu ya mawe ya volkano. Si yale yaliyoteremka mwezi wa Januari mwaka 2002 na kuliangamiza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Yetu ni ya zamani zaidi, lakini makali yake ni yale yale. Mwenye kutaka kuyasawazisha atamaliza nyundo zake kabla ya kuyamaliza mawe. Ndiyo sababu wengi wetu hujenga kwa mbao.

Mwaka jana tuliazimu kuongeza chumba cha watoto. Wanne walikuwa wakilala sebuleni, na mkubwa wao, msichana, alikwisha kufikia umri wa kuhitaji mlango wake. Nikajitwika kazi ya kupanga sakafu. Chumba kingekuwa na urefu wa meta 4 na upana wa meta 3; kila ubao wa mkaratusi ulikuwa na urefu wa meta 4 na upana wa sentimeta 20; basi mbao 15 zingetosha. Fundi seremala, mzee wa maneno machache, alicheka. "Mti wako ungali mbichi, baba. Ukiupigilia misumari leo, kesho utahesabu mianya." Akaniagiza nizipange mbao kivulini, vijiti katikati yake ili upepo upite, tena ninunue ubao wa 16, kwa kuwa zote zingepungua.

Mahali nilipopachagua palikuwa nyuma ya nyumba, penye shimo la kimo cha goti. Sakafu ingelifunika, nami ningeziba pande zote kwa mawe, panya wasiingie. Nilichora mpango huo nyuma ya daftari la mtoto, nikamwonyesha mke wangu. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Baba watoto, kuku wetu alifia wapi?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba kuku hufa popote.

"Na yule wa pili je?"

Wenyeji wa Goma wamekwisha kufahamu. Kwa ninyi mlio mbali: katika nchi yetu hutoka ardhini hewa tunayoiita mazuku. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa tuivutayo, nayo hujikusanya mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Imewaua wanyama; imewaua na watu.

Nakiri kwamba niliona haya, kisha hasira, na kwa siku mbili sikumwambia mke wangu neno ila la lazima. Siku ya tatu, kabla ya mapambazuko, niliishusha taa shimoni kwa kamba. Ikazimika kana kwamba mtu ameipuliza. Nilisimama pale gizani nikifikiri juu ya mikeka minne ambayo ningeitandika juu ya shimo lile, pande zake zimezibwa kwa mikono yangu mwenyewe.

Niliporudi ndani nilimwomba radhi. Aliniuliza tu kama nimekwisha kunywa chai.

Taa peke yake haitoshi, kwani moto huweza kuendelea kuwaka hali hewa imekwisha kuanza kumdhuru mtu. Kwa hiyo tulikwenda kuwauliza watu wanaoichunguza volkano, wenye vyombo vya kupimia. Shimo tukaliacha na kulizungushia ua, watoto wasicheze humo. Chumba kitakuwa upande wa juu, penye upepo wa ziwa. Boriti zitakaa juu ya nguzo fupi za mawe, na chini ya sakafu patakuwa wazi pande zote nne. Panya watazuiliwa kwa wavu wa chuma. Mke wangu ndiye aliyeuchora mpango huu, nami nimebadilisha mahali pa dirisha tu, tena kwa idhini yake.

Mbao zingali kivulini. Jana nilizipima: sentimeta 19. Zitahitajika zote 16, kama mzee alivyosema, na msichana wetu ameniuliza tena habari za mlango.