Ukuta Mmoja, Majina Manne

Rika letu katika kazi ya matangazo lilianzia kwenye kuta. Kampuni ya simu ya Kencell ilipoingia Kenya mwaka 2000, mafundi rangi walitawanyika hadi vijijini kupaka rangi zake kwenye kuta za maduka. Mwaka 2004 ikawa Celtel, 2008 Zain, 2010 Airtel. Duka lilikuwa lilelile na mwenyewe yuleyule, lakini kila mara kampuni ilipopata bwana mpya, ukuta ulipakwa upya. Kazi hiyo ilitulisha: wachoraji, wapiga picha, watangazaji wa redio. Mwenye ukuta mara nyingi aliambulia rangi tu, na alishukuru.

Kampuni zetu za matangazo zilikua kwa wateja wa namna hiyo: simu, bia, soda, sabuni, benki. Mojawapo, Scangroup ya Nairobi, iliingia Soko la Hisa mwaka 2006, na Wakenya wa kawaida wakanunua hisa zake. Ilipofika 2013, kundi la matangazo la WPP la London lilikuwa limeshika sehemu kubwa ya umiliki. Sina kinyongo na mtaji wa nje. Vijana wengi walijifunza kazi kwa viwango vya dunia.

Linaloniuma ni jingine. Kwa desturi ya zamani, kampuni ya matangazo ilipata kamisheni ya asilimia 15 ya fedha ambazo mteja alilipa redio au gazeti. Asilimia 15 ya bajeti ya bia ililipa mishahara ya ofisi nzima. Asilimia 15 ya tangazo la fundi wa masufuria wa Kamukunji, Nairobi, haikufika hata nauli. Basi hatukwenda Kamukunji. Tuliwajua wateja wakubwa kwa majina na siku zao za kuzaliwa, na wadogo tukawapita barabarani tukienda kuwaona wakubwa.

Na ajabu ni kwamba hao wadogo ndio waliotupa maneno yetu bora. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilipoanza mwaka 2007, iliuzwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani, jambo ambalo kila kibarua wa mjini alikuwa akilifanya kwa kumkabidhi dereva wa basi bahasha.

Wanangu, leo tangazo linatengenezwa kwa simu ya mkononi, na kamisheni ile si kisingizio tena. Nendeni kwa fundi wa Kamukunji, kwa mama wa samaki Kisumu, kwa sako (chama cha akiba na mikopo) ya bodaboda. Watozeni bei wanayoimudu, na kazi yao muifanye kwa bidii ileile mnayoifanyia benki.