Picha Zitembeazo na Daftari la Hesabu

Sisi watu wa Chekereni tuliwajua Wajapani kwanza kwa habari ya mpunga. Katika miaka ya 1980 serikali yetu, ikisaidiwa na Japani, ilijenga mifereji ya Lower Moshi, na wazee wetu wakafundishwa kupanda miche kwa mistari iliyonyoka. Siku hizi watoto wetu wawajua Wajapani kwa jambo jingine, nalo ni katuni zile ziitwazo anime. Jioni, akipatikana mtu mwenye televisheni au simu kubwa, utawaona wamemzunguka kama nyuki, na baadaye utawasikia wakibishana njiani: hii yatembea vema, hii imekauka kama gogo. Nasi tulidhani mabishano hayo ni upuuzi wa kitoto. Leo twataka kuungama kosa letu, na kueleza tuliyojifunza kwa kosa hilo.

Siku moja, katika muhula uliopita, tulikuwa tukisahihisha hesabu za Darasa la Sita. Tukaona daftari la kijana mmoja limechorwa kijitu katika pembe ya kila ukurasa, ukurasa kwa ukurasa, kijitu kile kile. Tulikasirika sana. Tukamsimamisha mbele ya wenzake, tukasema ya kuwa daftari hununuliwa kwa jasho la mzazi. Tena tukaongeza ya kuwa yeye ni mvivu hata katika upuuzi wake, kwa maana picha nyingi hazikuwa na tofauti hata kidogo. Darasa zima likacheka. Kijana akainamisha kichwa, asijibu neno. Tukalichukua daftari, tukaenda nalo nyumbani.

Usiku ule, tulipolishika ili tuandike alama, kurasa zilituponyoka chini ya kidole gumba zikapita upesi upesi. Tukaona kijitu kinatembea! Alikuwa mwanamke katika jaruba. Akainama, akachomeka mche, akarudi nyuma hatua moja, akachomeka tena. Kisha akainuka, akashika kiuno, akasimama hivyo kitambo, ndipo akainama tena. Tulirudia kutazama hata chai yetu ikapoa mezani.

Kesho yake tukamwita peke yake, tukamwuliza kwa upole, "Mbona kurasa tisa hizi zina picha ile ile? Je, ulichoka?"

Akajibu, "Hapana, Mwalimu. Mama akiinuka, mgongo humwuma, basi hungoja kidogo kwanza. Nikimfanya ainame upesi, si mama tena."

Neno hilo lilituchoma moyo. Tukaona ya kuwa tulihukumu kazi tusiyoijua, nasi tukaazimu kutafuta habari zake.

Haya ndiyo tuliyoyapata. Katika sinema hakuna picha hata moja itembeayo. Kila picha imetulia kabisa, ila hupita picha 24 katika sekunde moja, na macho yetu huziunganisha, kama kurasa za daftari lile. Basi na tupige hesabu. Kipindi cha dakika 20 kina sekunde 1,200, na kama kila picha ingechorwa upya kwa mkono, zingehitajika picha 28,800. Walt Disney wa Marekani, alipotoa sinema ya Snow White mwaka 1937, alikuwa na wachoraji mamia, nao walifanya kazi ile kwa miaka.

Huko Japani, Tezuka Osamu hakuwa na mali kama hiyo. Tarehe 1 Januari 1963 alianza kuonyesha katika televisheni hadithi ya mtoto wa chuma, ijulikanayo kwa jina la Astro Boy, na kila juma hakuwa na budi kutoa kipindi kipya. Angewezaje? Picha moja aliishikilia kwa nafasi ya picha tatu, hata sekunde moja ikatosheka kwa picha 8, na mara nyingi chini ya hizo. Mtu aliposema, mwili ulitulia na mdomo peke yake ukacheza. Picha za kuruka angani zilizochorwa kwa kipindi kimoja ziliwekwa akiba na kutumiwa katika vipindi vingine.

Kwa sababu hiyo wako wasemao ya kuwa katuni za Kijapani ni hafifu, kwa kuwa picha zake ni chache. Nasi tungalisema hivyo pia, kama si kijana yule. Lakini tazameni mfano huu. Mwaka 1974 Takahata Isao alitengeneza vipindi 52 vya hadithi ya Heidi, msichana aishiye na babu yake katika milima ya Uswisi. Aliyepanga mandhari ya picha zile alikuwa Miyazaki Hayao. Kabla ya kuanza, walisafiri mwaka 1973 hadi Uswisi, wakaitazama milima na nyumba na mbuzi kwa macho yao wenyewe. Katika kazi yao hakuna wingi wa picha kama wa Disney. Lakini babu akiyeyusha jibini motoni na kumpa mtoto juu ya mkate, mtazamaji husikia njaa. Sisi tulioishi chini ya mlima na kulinda mbuzi twajua ya kuwa mambo hayo hayachoreki na mtu asiyeyatazama kwanza.

Miyazaki huyo, alipozungumza na mwandishi wa Marekani, Roger Ebert, mwaka 2002, alipiga makofi mara chache, akaeleza ya kuwa nafasi iliyo katikati ya kofi na kofi ina jina katika lugha yao: huitwa ma. Kwake nafasi hiyo ni sehemu ya kazi, na kazi isiyo nayo ni mbio tupu. Tuliposoma habari hiyo tulikumbuka kurasa tisa za mama aliyeshika kiuno.

Wakulima wenzetu hawatashindwa kulifahamu neno hili. Maji ya mfereji hayatoshi mashamba yote kwa mara moja, kwa hiyo tuna zamu. Mkulima mzuri si yule afunguaye maji tu. Ajua pia saa ya kuyafunga. Na picha za mchoraji ni kama maji hayo. Aliye nazo chache, akizimwaga ovyo, shamba lake hukauka. Akizipeleka penye mizizi, atavuna.

Walakini tusisifu pasipo kupima. Tezuka aliuza vipindi vyake kwa bei iliyo chini ya gharama, na wengi husema ya kuwa jambo hilo limechangia ujira mdogo ambao wachoraji wa Japani wamelalamikia miaka mingi. Uchache wa picha waweza kuwa hekima, lakini uchache wa ujira wa mtenda kazi si hekima kamwe.

Kwetu nako kazi hii imeanza. Watu wa Ubongo, huko Dar es Salaam, walianza kuonyesha Ubongo Kids mwaka 2014, na baadaye wakatoa Akili and Me, ambamo mtoto Akili, wa miaka minne, akaa chini ya Mlima Kilimanjaro, mlima wetu huu. Wazazi wengine huuliza mara moja, "Je, yatembea kama za Wajapani?" Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Tuulize pia: Je, mchoraji amemtazama mtoto wa kwetu, jinsi anavyokimbia, na jinsi anavyosimama akimsikiliza bibi yake? Picha nyingi hupatikana kwa fedha. Kutazama hakuna budi kufundishwa nyumbani na shuleni, na sisi walimu twaweza kukuua kwa neno moja.

Kwa kuwa tulimwaibisha kijana mbele ya wenzake, ilitupasa kutengeneza mbele ya wenzake. Siku ya Ijumaa tulisimama darasani, tukasema ya kuwa mwalimu alikosa, tukalipitisha daftari lile kutoka dawati hata dawati ili kila mtoto alipeperushe kwa kidole chake. Safari hii hawakucheka. Mtoto mmoja akasema, "Ndivyo mama anavyofanya!" Kisha tukampa kijana daftari jingine, lisilo la hesabu, tulilolinunua kwa fedha yetu.

Wazazi na walimu wenzetu, twawaomba: kabla ya kunyang'anya, ulizeni. Mungu agawapo talanta hatuandikii barua kwanza. Pengine huiweka katika pembe ya daftari.

Majuma manne yamepita. Jana tulimwomba kijana ruhusa, tukalifungua daftari lile jipya. Pembe zake bado ni nyeupe. Hatukumwambia neno. Twangoja.