Paswedi Mpya

Bando la mwezi lilikata tarehe 19, saa nne usiku, nikiwa katikati ya kupakua makala za sura ya pili ya tasnifu. Msimamizi wangu aliitaka sura hiyo Jumatatu. Nilikuwa nimejifunga blanketi mbili, maana Juni ya Mbeya haina utani, na nikaamua palepale: kuna watu wanatumalizia.

Masomo ya darasani ya uzamili yalikuwa yamekwisha. Chumba Dar kilinishinda kodi, nikarudi Iyunga kwa mama kuandika. Mama alikuwa na ruta, kile kiboksi cha kuweka laini, kimekaa dirishani upande wa reli ya TAZARA kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika. Paswedi (vitabuni ni nywila, ila kwetu hakuna anayesema hivyo) ilikuwa ileile iliyobandikwa chini ya ruta tangu dukani. Mdogo wangu aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, na kila aliyewahi kuja kuomba chumvi ameisoma.

Asubuhi nilinunua vocha, nikafungua ukurasa wa ruta kwenye laptopu: 192.168.8.1. Jina admin, paswedi admin. Hakuna aliyewahi kuibadilisha. Nikahesabu vifaa vilivyounganishwa: kumi na moja. Nyumbani tuko watatu. Ruta inataka herufi nane tu, mimi nikaweka kumi na sita, zimechanganyika na namba, nikabonyeza kuhifadhi. Taa ilizima, ikawaka tena. Orodha ikabaki na kifaa kimoja, changu. Siwezi kusema sikufurahi.

Mama alikuwa anachambua maharage.

“Na za watu umezikata?”

“Ndiyo, mama. Bando linatuishia.”

Akasema walipokuwa wadogo kule Rungwe walitumwa kwa jirani na kigae kuomba moto, na moto wa jirani haukupungua. Nikamweleza kwamba data siyo moto, ukichota inapungua. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Hakunijibu, aliendelea na maharage yake.

Wiki mbili baadaye mama jirani aligonga mlango.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia wewe ni msomi wa kompyuta.” Mimi nasoma mipango miji, lakini mtaani kwetu mwenye laptopu ni mtu wa kompyuta. Akanipa simu yake ndogo ya Tecno. Binti yake anafanya kazi za ndani Muscat, na kila Ijumaa anapopumzika humtumia mama yake sauti kwenye WhatsApp. Ijumaa mbili hakuna kitu. Alidhani simu imekufa, akapanda daladala mpaka Mwanjelwa kwa fundi. Fundi akamtoza elfu tano na kuifuta simu yote ianze upya.

Hakujua kwamba intaneti aliyokuwa akiitumia ilitoka dirishani kwetu. Mdogo wangu ndiye aliyemuunganishia, naye hakuona haja ya kumweleza.

Niliandika zile herufi kumi na sita huku nimeigeuza simu kidogo asione, kisha nikarudisha WhatsApp, nikasubiri tarakimu za uthibitisho ziingie. Sijui kwa nini niliigeuza. Tukamtumia binti salamu. Haikupita saa moja sauti ikaingia, na mama jirani akaiweka simu sikioni kama anayepokea simu ya kawaida: “Mama, mbona kimya? Nilifikiri umeumwa.”

Aliisikiliza mara tatu. Halafu akaanza kupandisha skrini juu kwa kidole, akitafuta.

“Zile za zamani ziko wapi, mwanangu?”

“Zipi, mama?”

“Zake za miaka miwili. Kuna moja anaimba.”

Nikamwambia fundi alipoifuta simu alizifuta nazo. Ni kweli, alizifuta. Akaguna, akasema mafundi wa mjini ni watu wa ajabu, na mimi nikaitikia. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kilichompeleka kwa fundi, na niliiona nafasi hiyo ikipita.

Usiku nilifungua mipangilio ya laptopu, mahali ambapo Windows huweka hesabu ya data ya siku 30. Tunanunua GB 60 kwa mwezi. Laptopu yangu peke yake ilikuwa imekula 43, nyingi zikiwa masasisho yake yenyewe na picha zangu zilizokuwa zikipanda kwenye hifadhi ya mtandaoni kila nikilala. Zile Tecno na itel zote zilikuwa zinagawana mabaki.

Nikazima masasisho. Nikaenda jikoni, nikatafuta chaki.

Kesho yake mama jirani alileta parachichi sita kwenye kapu.

“Ndaga fijo, mwanangu. Kweli umesoma.”

Nilizipokea kwa mikono miwili. Elfu tano yake sijamrudishia, maana ataniuliza ni ya nini.