Mstari wa Kwanza

Sisi akina mama saba wa mtaa mmoja tuna desturi yetu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukishamaliza kufua na kupiga pasi sare za watoto, tunakutana kwa mwenzetu mmoja. Kila mtu huja na kitabu. Anasoma mstari wa kwanza tu, kisha anakifunga, na sisi tunakisia habari itaishia wapi. Anayeshikwa na hamu ndiye anayekiazima.

Vitabu vyenyewe si vipya. Mmoja wetu alileta Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, jalada limekwisha kung'oka. Mwingine akaja na Shida cha Ndyanao Balisidya, cha mwaka 1975. Tuligundua kwamba mstari wa kwanza ni kama hodi mlangoni: kwa sauti tu unahisi mgeni amekuja na heri au na msiba.

Lakini mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, kila zamu yake ilipofika alikuwa amesahau miwani. Mara ya kwanza tulimsomea. Mara ya pili tukamtania. Mara ya tatu tukasema, "Leo hupiti bure!" Akanyamaza kidogo, kisha akaita, "Paukwa!" Tukajikuta tumeitika, "Pakawa!" Akatupa hadithi ya bibi yake mpaka chai ikapoa.

Wakati wa kuosha vikombe alitueleza kwa sauti ya chini. Miwani hana, wala hajawahi kuwa nayo. Alitolewa shule darasa la pili ili alee wadogo zake.

Jamani, tuliona haya. Hapa Tanzania mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka ile mama zetu wengi walijifunza kusoma. Sisi tukadhani shida hiyo imekwisha. Kumbe tulikuwa tumekaa nayo mkeka mmoja, tukiicheka.

Tukapangiana zamu za kumfundisha, nusu saa kila jioni, kwa daftari la mwanawe. Ilichukua mwaka na zaidi. Siku alipokuwa tayari, alichagua mwenyewe kitabu cha Ruthu, kwa kuwa kinaanza na njaa na familia inayohama kwao. "Kama sisi tulivyohama," alisema.

Alisoma akifuata kwa kidole. Kwenye Bethlehemu alikwama mara mbili, na hakuna aliyemsaidia. Alipofika mwisho wa mstari alifunga kitabu, akatuangalia: "Haya, kisieni."

Habari hiyo tunaijua tangu shule ya Jumapili. Lakini siku hiyo sote sita tulikisia, na sote tulikosea.

Mama mwenzetu, ukimwona jirani anayesahau miwani kila mara, usimcheke. Mkaribishe jioni, wewe na yeye tu, na daftari.